Nyasi za mapambo zinazostahimili ukame: maswali ninayoulizwa kitaluni

Kitalu changu kiko kando ya barabara, ukitoka Athi River kuelekea Machakos. Wateja wengi ni watu waliojenga Kitengela, Syokimau, Joska na kwingineko kwenye uwanda huu, wakapanda zulia la nyasi kama lile la Karen au Limuru, kisha kiangazi kikalimaliza lote. Wakifika hapa huwa na maswali yanayofanana. Nimeyaandika na majibu yake ili anayekuja awe amekwisha kusoma, nami nipate nafasi ya kumwagilia miche.

Nyasi za mapambo ni nyasi gani hasa?

Ni nyasi za kawaida, ila zinapandwa ili zitazamwe. Zulia hukatwa chini likanyagwe. Hizi huachwa zisimame, zitoe masuke, zipepee. Hukua kwa mashina yaliyojitenga, jinsi unavyoona mchaichai ukikua nyuma ya jikoni. Shina moja likikomaa hupata upana wa nusu mita hadi mita moja, na urefu wake hutegemea aina.

Kwa nini zistahimili ukame na zulia langu lishindwe?

Zulia la watu wengi ni nyasi ya Kikuyu. Jina lenyewe linakwambia kwao ni wapi: nyanda za juu zenye baridi na mvua. Kuileta Kitengela ni kama kumleta ng'ombe wa gredi malishoni Kajiado mwezi wa Septemba. Ataishi, lakini kwa gharama yako.

Nyasi za nyika zimezoea mwaka wenye mvua ya milimita 500 hadi 800, tena inayokuja kwa vipindi viwili na kukatika katikati. Mizizi yake ni mingi, myembamba, na hushuka chini sana kuliko ya zulia linalokatwa kila wiki. Jua likizidi, majani hujikunja kwa urefu kama mkeka ili yasipoteze maji. Kiangazi kikizidi, sehemu yote ya juu hukauka na uhai ukabaki kwenye vichipukizi vilivyojificha kitakoni mwa shina, usawa wa udongo. Mvua ikirudi, vinaamka. Ndiyo maana moto na ng'ombe wamepita juu ya nyasi hizi miaka yote na bado zipo.

Nitaokoa maji kiasi gani?

Tupige hesabu. Zulia lenye afya huku kwetu wakati wa kiangazi linataka karibu milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita moja ya mraba. Ukiwa na kiwanja cha mita 10 kwa 10, hizo ni lita 2,500 kila wiki. Lori la maji la lita 10,000 linaisha kwa wiki nne, na hujaoga wala kupika.

Eneo hilohilo ukipanda nyasi za mashina kwa nafasi ya mita moja, unahitaji mashina 100 hivi. Miezi mitatu ya kwanza kila shina lipe lita 5 kwa wiki, jumla lita 500. Baada ya misimu miwili ya mvua, aina nyingi nilizozitaja hapa chini huhitaji maji yako pale tu mvua inapokosa kunyesha msimu mzima.

Nianze na aina gani?

Hapa nitakaa kidogo, maana kosa la kwanza hufanyika hapa. Watu huja na picha kwenye simu, picha ya bustani ya Ulaya, wanataka ile nyasi fupi ya kibuluu. Ile ni Festuca glauca, nyasi ya nchi za baridi. Niliwahi kujaza kitanda kizima cha hiyo. Ilivumilia Juni na Julai, mawingu ya kwetu yakaipendeza, kisha jua la Septemba likaichoma kutoka katikati kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Sijaipanda tena.

Nyasi zinazonipa raha ni zile ambazo mama mmoja mtu mzima kutoka Wote alizitazama, akacheka hadi akashika kiuno: "Kijana, hii si mbeetua? Sisi hulisha ng'ombe. Nyinyi mnaiweka mlangoni?" Tunaiweka, ndiyo. Mbeetua ya Wakamba ni Eragrostis superba. Masuke yake ni bapa, yamepangika pande mbili za ubua kama vipande vya ukili uliosukwa, na yakikauka hupata rangi ya chai yenye maziwa. Haipandi juu sana, mara nyingi chini ya mita moja, kwa hiyo inafaa mbele ya kitanda.

Nyuma yake weka ndata kivumbu, Cenchrus ciliaris. Suke lake ni kama mkia wa mbweha, la kahawia au la zambarau kidogo, na linatoka haraka baada ya mvua. Nguu, Enteropogon macrostachyus, ina vidole virefu vinavyoinama. Kilili, Chloris roxburghiana, ni laini kama manyoya, na ukiipanda mahali jua la jioni linapopiga kutoka nyuma, wageni wataacha chai ipoe. Nyasi hizi nne ndizo wafugaji wa Ukambani hupanda kufufua malisho yaliyochakaa, na kituo cha utafiti cha KALRO pale Kiboko, kaunti ya Makueni, kimezishughulikia kwa miaka mingi. Mbegu zake hutafutwa na wenye ng'ombe. Wenye bustani ndio wamechelewa.

Kisha kuna Themeda triandra. Hii ndiyo nyasi ya uwanda wa Athi na Kapiti yenyewe. Ukipita kwa gari moshi au kwa barabara ya Mombasa baada ya mvua, ule wekundu wa kutu unaouona hadi mbali ni yenyewe. Inachelewa kushika, lakini ikishika haina mshindani kwa rangi.

Za kutoka nje zinazofaa zipo. Vetiva, ambayo asili yake ni India, inasimama wima kama ukuta na mizizi yake hushuka mita tatu au zaidi. Kwenye mteremko unaokatika na maji sina dawa nyingine. Ile Pennisetum ya majani ya zambarau ni nzuri pia, mradi iwe juani. Kivulini inageuka kijani na watu wanarudi kunilaumu.

Na mchaichai je?

Panda, lakini usiuhesabu miongoni mwa nyasi za ukame. Unataka maji zaidi ya wenzake. Uweke pale maji ya kuoshea mboga yanapomwagwa. Na wale wanaosema unafukuza mbu kwa kusimama tu kibarazani: harufu hutoka jani linapopondwa. Shina likisimama kimya, mbu hupita zake.

Ploti yangu ni udongo mweusi wa pamba. Zitaota?

Zitaota, ila usichimbe shimo refu ukajaza samadi. Udongo huu hauna njia ya kati. Mvua ikinyesha unavimba na kushika maji kama karai, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Shimo lenye udongo laini katikati ya mfinyanzi hugeuka kisima, na mizizi huoza humo wiki ya kwanza ya mvua. Nyasi nyingi za nyika zinavumilia kiu kuliko zinavyovumilia miguu kukaa majini.

Fanya tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya usawa wa kiwanja, changanya udongo wenyewe na mchanga mkavu na samadi iliyooza kidogo sana, panda juu yake. Themeda haina shida na udongo mweusi, huko ndiko kwao. Vetiva nayo inavumilia maji yaliyotuama na ukame vilevile, jambo ambalo mimea michache inaliweza. Ndata kivumbu ndiyo unayopaswa kuihurumia hapa: ipe tuta.

Wa udongo mwekundu wa upande wa Machakos mjini hawana hadithi. Limeni, pandeni.

Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Yanaua?

Ukiona utando mweupe juu ya udongo baada ya kumwagilia, chumvi ipo ya kutosha. Nyasi ya Rhodes, Chloris gayana, ndiyo inayovumilia chumvi kuliko nyingi, na ni ya huku kwetu licha ya jina. Mchaichai utalalamika kwa ncha za majani kuungua. Kwa zote, mwagilia mengi mara chache kuliko kidogo kila siku. Maji kidogo kidogo huacha chumvi palepale kwenye mizizi. Mvua kubwa ya kwanza husafisha kiasi.

Maji ya kuoshea nguo yanafaa kama hayana dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Badilisha kitanda, usimwage mahali pamoja kila wiki.

Nipande lini?

Oktoba mwishoni hadi Novemba, mvua ya vuli ikishaonyesha kwamba imekuja kweli. Watu hushangaa nisiposema Machi. Lakini mkulima yeyote wa Ukambani atakwambia kwamba vuli ndiyo mvua ya kutegemewa huku, masika hukatika bila kuaga. Ukipanda Novemba una nafasi ya kupata mvua mbili kabla ya kile kiangazi kirefu cha Juni hadi Oktoba.

Nianze na mbegu au miche?

Kwa bustani ya nyumbani, miche iliyogawanywa kutoka shina kubwa. Utaona matokeo msimu huohuo.

Mbegu ni rahisi kwa bei lakini zina tabia. Mbegu ya nyasi za nyika ikivunwa leo haioti kesho. Inalala miezi kadhaa kwanza, na Themeda inaweza kulala karibu mwaka. Kwa hiyo usimtukane aliyekuuzia mbegu mbichi, ziweke kwenye gunia la karatasi mahali pakavu, uzijaribu tena. Ukipanda, usizifukie chini sana. Pitisha reki, nyunyiza, kanyaga kidogo. Mbegu ya Themeda ina unywele mrefu mweusi unaojinyoosha ukipata unyevu na kujipinda ukikauka, na kwa kujizungusha huko mbegu hujichimbia yenyewe ardhini. Mwekee mtoto moja kiganjani, idondoshee tone la maji, mwache aone.

Msichimbe mashina hifadhini, tafadhali. Wala kwenye shamba la mtu bila kumwuliza.

Hatua za kupanda ni zipi?

Kata majani ya mche hadi kiganja kimoja kabla ya kupanda, ili mizizi isibebe mzigo. Shimo liwe pana kuliko mizizi na lisizidi kina chake. Kitako cha shina kiwe usawa wa udongo. Kikifukiwa kinaoza. Kanyagia kwa mguu, mwagilia lita 10 siku hiyo, kisha mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu mvua isiponyesha, kisha mara moja.

Nafasi: sentimita 50 kwa mbeetua, 80 hadi mita moja kwa ndata kivumbu na Pennisetum. Vetiva ikiwa ya ua, sentimita 10 hadi 15 tu. Kitanda kitaonekana kitupu mwanzoni na utataka kujazia. Usijazie.

Mbolea gani?

Karibu hakuna. Nyasi ya nyika ukiilisha sana inanenepa, inarefuka, halafu inalala chini kama mlevi. Kiganja kimoja cha samadi iliyooza wakati wa kupanda kinatosha. Mbolea ya dukani ya kukuzia mahindi weka kwenye mahindi.

Niweke matandazo?

Weka kokoto au changarawe. Nilianza na majani makavu, kama kila kitabu kinavyosema, na mchwa wakaona nimewaandalia karamu. Walimaliza matandazo wakahamia kwenye mashina. Kokoto hailiwi, na inazuia tope kurukia masuke.

Nikate mara ngapi?

Mara moja kwa mwaka, mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, wiki mbili tatu kabla ya vuli. Funga shina kwa kamba kama mzigo wa kuni, kata kwa mundu au makasi makubwa, acha sentimita 10 hadi 15. Kwa kufunga kwanza hutakuwa na kazi ya kukusanya. Vetiva acha juu zaidi, kama sentimita 30.

Wengi hukata Juni kwa sababu zimekauka na zinaonekana zimekufa. Ukikata Juni, unabaki na visiki vya kutazama miezi minne, jua linapiga kitako moja kwa moja, na umejinyima kile ulichopandia, maana nyasi hizi ni nzuri zaidi zikiwa kavu. Kama hupendi rangi ya majani makavu, kwa kweli usipande nyasi za mapambo. Panda bougainvillea, tutaelewana.

Usizichome. Nyikani moto una kazi yake, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 una kazi ya kuunguza nguo za jirani. Yaliyokatwa mpe mwenye ng'ombe. Kwangu huwa hata sijamaliza kufunga mzigo, mtu ameshasimama langoni.

Jirani anasema nimeacha uwanja ukawa kichaka.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na halihusu kilimo. Sisi tumelelewa kwamba boma safi ni boma lililofagiwa hadi udongo ung'ae. Nyasi ndefu mlangoni ni dalili kwamba mwenye nyumba amesafiri au amekata tamaa. Mama mkwe akija akazikuta, ataomba fyekeo kabla ya maji ya kunywa.

Njia yangu ni kuonyesha kwamba zimepandwa. Weka ukingo ulionyooka wa mawe au matofali. Panda aina moja kwa mafungu ya tano, saba, usichanganye moja moja. Acha njia iliyofagiwa vizuri kati ya vitanda. Ng'oa magugu kwa ukali kuliko unavyofanya shambani, kwa sababu gugu moja la mwiba katikati ya masuke huharibu hoja yako yote. Ukingo ukiwa safi, macho ya watu hukubali kilichomo ndani. Nimeona mteja akibadilishiwa salamu na jirani kwa sababu ya mstari mmoja wa matofali.

Zinaleta nyoka?

Nyoka hufuata panya na mahali pa kujificha. Rundo la mawe, mbao zilizobaki za ujenzi na mabati yaliyoegemezwa ukutani vinawapendeza kuliko shina la nyasi. Hata hivyo sitakudanganya: nyasi zilizosongamana karibu na mlango ni maficho, na bafe wapo huku. Acha mita mbili au tatu kati ya nyasi na mlango au dirisha, usiache mashina yagusane, na usiingize mkono kitakoni bila kuangalia. Wakati wa kukata vaa buti za mpira.

Kupe huja na mifugo. Kama mbuzi wa jirani wanalala kwenye nyasi zako, shida yako ni mbuzi.

Zitasambaa nishindwe kuzizuia?

Swali zuri, na wauzaji wenzangu hawalipendi. Ndata kivumbu ni yetu hapa, lakini ilipopelekwa Australia na Arizona iligeuka balaa, inajaza jangwa na kubeba moto mahali ambapo moto haukuwa kawaida. Pennisetum setaceum ya kijani imefanya vivyo hivyo Hawaii. Kwa hiyo msomaji aliye Phoenix au Perth asiifuate orodha yangu. Atafute nyasi za kwao. Hapa kwetu mbegu zitaota kwenye kokoto na utazing'oa zikiwa changa, si zaidi.

Kama unataka isiyosambaa kabisa, vetiva inayouzwa kwa miche haizai mbegu zinazoota, na ile Pennisetum ya zambarau karibu haizai pia. Ninachokataa kuuza ni nyasi ya pampasi, yale manyoya meupe ya harusini. Asili yake ni Amerika Kusini, shina moja hutoa mbegu nyingi mno zinazopeperuka, na Afrika Kusini wanahangaika nayo hadi leo. Wanaotaka manyoya ya kuweka kwenye chombo nawaonyesha kilili.

Naishi ghorofani Mlolongo. Naweza kupanda kwenye chungu?

Unaweza, lakini usitegemee ustahimilivu ule. Siri ya nyasi hizi ni mizizi inayoshuka, na chungu kina mwisho. Juu ya roshani yenye upepo utamwagilia kila siku ya pili. Chagua mbeetua, chungu cha kina cha sentimita 40 chenye matundu chini, na ugawanye shina kila mwaka.

Shina limekuwa na upara katikati.

Limezeeka. Baada ya miaka mitatu au minne machipukizi mapya hukimbilia pembeni na katikati hufa. Mvua ikianza, lichimbue lote, lipasue kwa jembe au shoka, tupa katikati, panda vipande vya pembeni. Kutoka shina moja utapata matano au sita. Hivi ndivyo pia nawaambia wasio na pesa: nunua shina moja kubwa badala ya miche kumi, subiri mwaka.

Nina pumu. Kuna tatizo?

Chavua ya nyasi huwasumbua wengine, hasa wiki masuke yanapofunguka baada ya mvua. Panda mbali na dirisha la chumba cha kulala, na mtu mwingine afanye kazi ya kukata.

Ni Septemba, zote ni kavu kabisa. Nitajuaje kama zimekufa?

Usitazame majani. Piga magoti, tenganisha mabua kwa vidole hadi kwenye kitako, ukwaruze kwa ukucha. Ukiona weupe wenye unyevu au kijani kidogo, lipo hai. Shika fungu lote ulivute: likigoma, mizizi inafanya kazi. Likija mkononi na harufu ya kuoza, liliuawa na maji miezi iliyopita, si na jua la sasa. Yanayogoma yakate, ngoja vuli, na uhesabu wiki mbili tangu mvua ya kwanza inayolowesha udongo hadi kina cha kidole. Ambalo halijachipuka kufikia hapo, lete picha tutafute la kuweka mahali pake.